Silaha ya Askari Anapotoka Zamu: Hukumu ya Kuibeba na Mipaka Yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baad.

Mzee mmoja miongoni mwa wanaohudhuria darsa letu la baada ya Alasiri alinijia na simu mkononi, akanionyesha picha ya mwanawe. Kijana huyu alikulia hapa kwetu, akaenda Marekani kusoma, akaishia kuwa askari polisi katika mji mmoja wa huko. Katika picha amevaa kanzu na kofia, amesimama nje ya msikiti baada ya Sala ya Ijumaa, na kiunoni chini ya kanzu pamevimba. Mzee akaweka kidole pale palipovimba, akasema: "Sheikh, hii ni bastola. Siku ile hakuwa zamuni, na mwenyewe anasema ameruhusiwa. Sasa mimi nauliza, ameruhusiwa na nani? Na mbele ya Mwenyezi Mungu inakuwaje?"

Sikumjibu siku ile. Mwenye kufutu juu ya jambo asilolijua namna linavyokwenda huwa amepotea na kupoteza, na mimi bastola sijapata kuishika. Nilimwomba mwanawe atueleze kanuni zinazomfunga, nikazisoma, kisha nikarudi katika vitabu vyetu. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata, na nimeona niyaandike kwa sababu vijana wetu walioko ughaibuni wanaoingia katika kazi hii wanaongezeka.

Kubeba si sawa na kuwa na mamlaka

Jambo la kwanza ambalo msomaji anatakiwa alitenganishe akilini ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya: *haml*, yaani kuibeba silaha, na *wilaya*, yaani mamlaka ya kukamata, kuamrisha na kuzuia. Askari aliye zamuni anayo yote mawili. Akitoka zamu huenda akabaki na moja bila ya jingine.

Mafakihi wetu walilijua hili zamani katika mlango wa kadhi. Walisema kwamba mtawala anaweza kumteua kadhi kwa mji fulani tu, au kwa siku fulani, au kwa aina fulani ya kesi, na akihukumu nje ya mipaka hiyo hukumu yake haipiti, hata kama ni mwanachuoni kuliko wote. Mamlaka hayamo katika mwili wa mtu wala katika joho lake. Ni kitu alichopewa, na aliyempa ndiye anayekiwekea mipaka. Mkuu wa *shurta*, ambaye ndiye askari polisi wa zama za makhalifa, alikuwa chini ya kanuni hii hii. Na asili ya cheo hicho inarudishwa na baadhi ya maulamaa kwa Qays bin Saad bin Ubada (r.a.), ambaye Anas (r.a.) ameeleza, kama ilivyopokewa na Bukhari, kwamba nafasi yake kwa Mtume (s.a.w.) ilikuwa mfano wa mkuu wa shurta kwa amiri.

Sasa tuitazame Marekani. Nchi ile ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake za silaha. Kabla ya 2004 askari wa jimbo moja aliyevuka mpaka kwenda kumtembelea mamake jimbo la pili, na bastola kiunoni, aliweza kujikuta amevunja sheria ya kule kama mtu mwingine yeyote. Tarehe 22 Julai 2004 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya usalama wa maafisa wa usalama, inayojulikana kwa herufi zake za kifupi kama LEOSA. Sheria hii inamruhusu askari aliyetimiza masharti kubeba bastola iliyofichwa katika jimbo lolote, ingawa sheria ya jimbo hilo isingemruhusu raia.

Masharti yenyewe si mepesi. Awe ni mwajiriwa wa chombo cha serikali na ana uwezo wa kisheria wa kukamata. Idara yake iwe imemruhusu kubeba silaha. Asiwe chini ya hatua ya nidhamu inayoweza kumsimamisha au kumwondolea mamlaka yake. Awe amefaulu vipimo vya shabaha vilivyowekwa na idara. Asiwe amelewa pombe wala kitu kingine chenye kulevya au kuharibu fahamu. Asiwe mtu aliyekatazwa silaha na sheria ya nchi nzima. Na awe na kitambulisho chake cha kazi chenye picha. Wastaafu nao wamo, wakiwa wametumikia jumla ya miaka 10 (kabla ya marekebisho ya 2010 ilikuwa 15) na wanapimwa shabaha kila mwaka. Bunduki za rashasha na vifaa vya kuzima mlio havimo katika ruhusa hii.

Nawaomba ndugu zetu wa huko wasiupite haraka mstari ule wa ulevi. Kwa Muislamu pombe ni haramu, basi huenda akadhani sharti hilo halimhusu. Na mirungi je? Nchi ile inaihesabu kemikali iliyomo ndani yake kuwa ni dawa iliyopigwa marufuku, na mtu aliyekesha barazani akitafuna hana haki ya kusema fahamu zake ni zile zile.

Lakini kubwa kuliko yote ni kile ambacho sheria hiyo haikukitoa. Imempa askari haml, haikumpa wilaya. Akiwa katika jimbo la watu bastola yake ni halali, ila kukamata kwake kule si kwa mamlaka ya sheria hii. Akikuta wizi dukani, yeye ni mpita njia mwenye bastola. Hata katika mji wake mwenyewe, ambako majimbo mengi humwachia askari uwezo wa kukamata hata akiwa mapumzikoni, idara nyingi zinamfundisha kwamba la kwanza ni kupiga simu, kuangalia vizuri, kukariri sura na nambari za gari, na kuwaachia walio zamuni. Asiingilie ila pale uhai wa mtu uko hatarini wakati ule ule. Kijana wa mzee wetu alinieleza kuwa walirudiwa na somo hili mpaka wakachoka.

Nchi hazifanani katika jambo hili. Uingereza askari wengi hawabebi bunduki hata wakiwa kazini, na wachache wanaobeba huirudisha ghalani zamu ikiisha. Ireland ya Kaskazini, kwa sababu ya historia yake ya mauaji ya askari majumbani mwao, wao huruhusiwa bastola ya kujilinda hata nje ya kazi. Misingi ya Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya nguvu na silaha, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, haikuchagua upande. Imezitaka serikali ziandike wazi ni wakati gani askari anaruhusiwa kubeba, silaha hutunzwa na kutolewa vipi, na kila aliyekabidhiwa awe na hesabu ya kutoa.

Msikitini na siku ya Idi

Hapa ndipo lilipokuwa swali la mzee. Imethibiti kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru anayepita na mishale katika misikiti au masoko aishike kwenye ncha zake, isije ikamdhuru Muislamu. Tazama, ndugu msomaji: hakumwambia asipite nayo. Alimwambia adhibiti mahali penye madhara. Na katika Hadithi ya Jabir (r.a.) imekatazwa kupokezana upanga ukiwa uchi, yaani nje ya ala yake. Kwa kipimo hicho bastola inayoning'inia mfukoni mwa koti, inayoweza kudondoka mtu akienda kusujudu, ni mshale usioshikwa ncha. Iwe katika ala iliyobana, inayoziba mahali pa kufyatulia.

Kuna upande wa pili. Bukhari ameweka mlango mzima katika kitabu cha Idi mbili juu ya kuchukiza kubeba silaha siku ya Idi na ndani ya Haram, na kisa alichokitaja humo kinafaa kusomwa na kila mwenye cheo. Said bin Jubayr anasimulia kwamba alikuwa pamoja na Abdullah bin Umar (r.a.) huko Mina pale ncha ya mkuki ilipomchoma unyayoni, mguu ukagandamana na kikuku cha tandiko. Said akashuka akauchomoa. Habari zikamfika al-Hajjaj, gavana yule ambaye historia yake tunaijua, akaja kumjulia hali na kusema laiti wangemjua aliyemchoma. Ibn Umar akamjibu kuwa ni yeye Hajjaj ndiye aliyemchoma. Hajjaj akashangaa. Ibn Umar akambainishia kwamba yeye ndiye aliyeruhusu silaha zibebwe katika siku ambayo hazikuwa zikibebwa, na ndiye aliyeziingiza Haram ambako hazikuwa zikiingizwa. Ibn Umar alifariki mwaka 73 au 74 Hijria, na wapo wanahistoria wanaolihusisha jeraha lile na kifo chake.

Mkuki ule ulikuwa wa askari asiyejulikana, aliyekuwa katika msongamano, na hatukuambiwa kama alikusudia. Swahaba huyu mkubwa hakumshughulikia aliyeushika. Alimshughulikia aliyetoa ruhusa. Basi mzee wetu alipouliza "ameruhusiwa na nani", aliuliza swali lenye asili.

Pamoja na hayo, katika mlango huo huo Bukhari amenukuu kutoka kwa al-Hasan al-Basri kwamba katazo la silaha siku ya Idi lilikuwa na kivuo: isipokuwa wakimhofia adui. Na aya ya 102 ya Sura an-Nisaa inawaamuru waumini wachukue silaha zao ndani ya Sala ya khofu, jambo ambalo katika kauli mashuhuri ya madhehebu ya Imam Shafi'i ni sunna. Je, msikiti wa Marekani leo una khofu? Siwezi kuwaambia hawana. Tarehe 29 Januari 2017 watu sita waliuawa msikitini Quebec City, Canada, baada ya Sala ya Isha. Tarehe 15 Machi 2019 waliuawa 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa. Ni baada ya matukio kama haya ndipo kamati za misikiti zilipoanza kuwaomba waumini wao walio askari wakae karibu na mlango.

Kwa hiyo nililomjibu mzee ni kwamba kubeba kwake msikitini kunajuzu kwa masharti, na Sala yake ni sahihi, ila asibebe kwa kujiamulia. Kamati ya msikiti ijue na iridhie. Sheria ile ya 2004 yenyewe imeziacha mahali pake sheria za majimbo zinazompa mwenye mali haki ya kukataza silaha katika mali yake, na msikiti una wenyewe. Kamati ikikataza, asitafute hila.

Na wakati wa kutia udhu na kwenda chooni asijisahau. Msomaji ataona nimeshuka mno, lakini hili ni jambo la kweli: mwaka 2015 zilitoka habari kwamba askari wa polisi ya Bunge la Marekani waliacha bastola zao chooni zaidi ya mara moja, na mojawapo iliokotwa na mtoto mdogo.

Akilazimika kuitumia

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu pwani hii tumekisomea magotini kwa mashekhe zetu, ameviweka pamoja vitu viwili katika kitabu kimoja: *siyal*, yaani kumzuia anayekushambulia, na *dhamana ya mawalii*, yaani malipo yanayompasa mwenye mamlaka akimdhuru mtu. Nilipokuwa mwanafunzi sikujua kwa nini mambo haya yamekaa nyumba moja. Nilipozisoma kanuni za askari nikaelewa. Ni watu wale wale.

Hukumu ya siyal ni kwamba mshambuliaji huzuiwa kwa kilicho chepesi zaidi. Akizuilika kwa maneno au kwa kupiga ukelele wa msaada, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, haramu mjeledi. Kwa mjeledi, haramu fimbo. Na kadhalika mpaka kufikia kuua, ambako ni mwisho wa njia. Kumlinda mwingine ni kama kujilinda mwenyewe. Kutetea mali kunajuzu lakini si wajibu. Na ikiwezekana kukimbia au kujiepusha, basi kauli inayotegemewa ni kwamba kukimbia ndiko wajibu, na kupigana ni haramu.

Hili la mwisho ndilo gumu kwa askari. Aliye zamuni hakutumwa akimbie. Mamlaka aliyopewa ni ya kusimama. Lakini aliyetoka zamu, akiwa katika jimbo ambalo hana wilaya, amerudi katika hukumu ya kila mtu. Majimbo mengi ya Marekani, kama Florida tangu 2005, hayamlazimishi mtu kurudi nyuma kabla ya kujitetea kwa silaha. Sheria ya nchi ikikuvua lawama, fikihi haijakuvua. Muislamu anayeweza kuingia garini mwake akaondoka, kisha akabaki ili athibitishe kuwa yeye ni askari, hana udhuru ninaoujua mimi.

Na anayekimbia hafuatwi kwa risasi. Katika siyal, shari ya mshambuliaji ikikatika, ruhusa ya kumpiga nayo imekatika. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifika karibu na hapo mwaka 1985, katika kesi ya kijana wa miaka 15 wa Memphis aliyepigwa risasi mwaka 1974 akiparamia uzio baada ya kuvunja nyumba. Mahakama ikaamua kuwa haifai kumuua anayekimbia ila pakiwa na sababu ya kuamini kwamba ni hatari kwa uhai wa watu. Hapa Kenya, Jedwali la Sita la sheria ya polisi ya 2011 limeifanya silaha kuwa ya mwisho baada ya njia nyepesi kutofaa, na limemtaka askari atoe taarifa kwa mkubwa wake, na kifo au jeraha baya lifike kwa mamlaka huru ya kuwasimamia polisi.

Kuhusu malipo, mwanamke mmoja aliitwa na Umar (r.a.) akiwa khalifa, akaogopa, mimba ikatoka. Baadhi ya Swahaba wakamwambia Umar kuwa yeye ni mwenye kutia adabu tu na halimpasi kitu. Ali (r.a.) akasema linampasa, diya ni juu yake, na Umar akaichukua kauli ya Ali. Hakushika hata fimbo.

Aliyeuawa na wenzake

Katika siku ya Uhud, Hudhayfa (r.a.) alimwona baba yake, al-Yaman, amezungukwa na panga za Waislamu waliomdhania kuwa ni katika maadui. Akapiga kelele kuwa huyo ni baba yake, wasimsikie, wakamuua. Akawaombea maghufira, na diya yake akaiacha sadaka kwa Waislamu. Kwa ajili ya hatari kama hii Waislamu wa kwanza walikuwa na *shi'ar*, neno la siri walilokubaliana kabla ya vita ili wajuane gizani.

Tarehe 28 Mei 2009, usiku, katika mtaa wa Harlem mjini New York, askari kijana wa miaka 25 alitoka zamu akamkuta mtu akivunja gari lake. Akamkimbiza na bastola mkononi, amevaa nguo za kiraia. Askari wenziwe, nao wakiwa bila sare, wakamwona mtu mweusi mwenye bastola anakimbia. Wakampiga risasi, akafa. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 2008, askari mwingine aliyekuwa nje ya zamu aliuawa hivyo hivyo huko White Plains alipojaribu kuamua ugomvi. Gavana David Paterson akaunda kikosi cha uchunguzi, nacho kikatoa ripoti mwaka 2010. Kilihesabu askari 26 nchini humo waliouawa na askari wenzao kwa kudhaniwa vibaya tangu 1981, na katika 14 waliouawa tangu 1995, 10 hawakuwa wazungu.

Sitaki kumhukumu marehemu. Alikuwa askari na mwizi alikuwa mbele ya macho yake. Ila nimekumbuka kauli ya mafakihi kwamba kutetea mali si wajibu. Gari lile lingeweza kuachwa. Na baba anayenisoma, mwenye mwana wa rangi yetu katika kazi hii, amweleze kwamba akiwa bila sare, bastola mkononi, akasikia sauti ya kumsimamisha, asigeuke. Mwili hugeuka na mkono, na mkono una bastola. Agande palepale, atii, ajitaje kwa sauti, asubiri kuambiwa. Hilo ndilo somo wanalofundishwa, na ndilo shi'ar lililobaki.

Nyumbani

Bastola ya kazi ni amana, na amana huwekwa katika *hirzi* inayolingana nayo. Hirzi ya dhahabu si hirzi ya kuni. Juu ya kabati si hirzi ya bastola, wala chini ya mto si hirzi. Hirzi yake ni sanduku la chuma lenye kufuli ambalo ufunguo hauko kwa mtoto. Aliyeiweka pasipo hirzi amefanya uzembe, na mzembe katika amana anadhaminishwa.

Baki hasira. Mtume (s.a.w.) amemkataza kadhi asihukumu kati ya watu wawili hali ya kuwa amekasirika, na maulamaa wakaliunganisha na hilo kila linaloshughulisha akili: njaa, usingizi, huzuni. Ikiwa anayeshika kalamu amekatazwa, anayeshika bastola je? Nairobi, tarehe 7 Desemba 2021, askari polisi alimuua mkewe kwa bunduki, akatoka nje akaua na wengine, kisha akajiua. Marekani tangu 1996 aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mkewe, hata kwa kosa dogo la jinai, hawezi kumiliki silaha, na askari hakuvuliwa katika sheria hiyo. Akipatikana na hatia huwa ameipoteza kazi yenyewe. Mke anayeogopa pale mume anaporudi na silaha kiunoni ana haki ya kudai ibaki kazini, na kadhi akiletewa shauri hilo asilidharau.

Mzee alimsomea mwanawe haya yote kwa simu, juzi usiku. Kijana akasema kamati ya msikiti wake inajua na imeridhia kwa maandishi, na sanduku la chuma analo. Akauliza moja tu: atakuja kwetu Ramadhani inshaallah, je, ruhusa yake ya kule itamfuata? Nikamwambia mzee amjibu kwamba ile sheria ya 2004 inakoma kwenye mpaka wa nchi yao, na hata ndani ya nchi yao haimpandishi nayo ndegeni. Aifungie, aje na kanzu zake.

Wallahu a'lam.